Mkamwana Aliyechorwa Mgongo

Rangi ilikuwa kwenye komeo la mlango, upande wa ndani, na ilikuwa mbichi.

Fremu aliigusa ikamganda kidoleni. Ilikuwa nyekundu iliyoelekea kwenye kahawia, rangi ya tofali lililonyeshewa. Akainusa: mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi. Alisimama pale mlangoni na ufunguo wa duka mkononi, akijiuliza ni nani aliyefungua kopo la rangi katika nyumba ambayo mchoraji wake alikuwa amezikwa tangu mwaka uliopita.

"Mama, umegusa makopo ya marehemu?" aliita.

"Mimi? Na macho haya?" mama mkwe wake alijibu kutoka jikoni. "Nikifungua kopo la rangi si nitalinywa nikidhani ni chai."

Wote wawili wakacheka. Fremu akafuta komeo kwa tapentaini, akaenda kufungua duka.

Jina la Fremu lilitokana na kazi yake. Marehemu mumewe alikuwa akichora kwa mkono nakala za picha za mabingwa wa zamani, za kutundikwa hotelini na sebuleni kwa watu, na yeye akizivisha fremu: anakata mbao kwa pembe, anatia gundi, anakaza turubai, anagonga misumari ile midogo ambayo mtu huishika midomoni. Mume alikuwa mtu wa mbele ya picha, mke mtu wa nyuma yake. Duka lilikuwa mbele, likitazamana na barabara. Nyuma ya pazia kulikuwa na sebule, vyumba viwili na jiko. Mume alipofariki, Fremu hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe, akaendelea kumwita Mama kama alivyomwita siku ya kwanza alipoletwa pale na sanduku lake.

Kazi ya mwisho ya marehemu ilitundikwa sebuleni, juu ya kochi. Ilikuwa nakala ya picha ya Mholanzi mmoja wa kale. Ukiitazama harakaharaka ulidhani ni picha ya mawingu tu, maana mawingu mazito yalijaza nusu yake na zaidi. Chini yake kulikuwa na miti mikubwa yenye giza, mto, daraja la mawe, na barabara ya vumbi iliyopindapinda hadi ikapotelea vilimani. Ilibidi usogee ndipo uwaone watu: wanawake watatu barabarani, kila mmoja hazidi kidole. Kilikuwa kisa cha kwenye Biblia. Mama mmoja alifiwa na wanawe ugenini, akaamua kurudi kwao, na wakamwana zake wawili wakamsindikiza. Njiani akawaambia warudi kwa mama zao, wakaolewe tena. Mmoja alimng'ang'ania, akakataa katakata kumwacha. Mwingine alilia, akambusu, akageuka. Mholanzi aliwachora pale pale walipoachana: mzee, mkamwana aliyemkumbatia kiunoni, na yule wa pili, mwenye gauni la rangi ya tofali, ambaye alikuwa ameshawapa mgongo.

Huyo wa pili ndiye aliyemsumbua marehemu. Mteja alikuwa ameleta ukurasa uliochanwa kwenye kitabu kikubwa ili unakiliwe, na ukurasa ulikuwa umeingia maji. Maji yalikula kona yote ya kulia. Mkamwana wa pili alibakiwa na nyayo na pindo la gauni tu. Mchoraji alikwama. Akachora, akafuta, akachora, akafuta, mpaka alasiri moja akamwita mkewe kwa furaha.

"Njoo umwone mtu wangu!" Akaelekeza brashi ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa zamani. "Kila siku wakati huu anasimama pale, kanipa mgongo. Anasimama vile vile ninavyomtaka."

Fremu akatazama. Kibaraza kilikuwa kitupu, na karatasi za zamani za matangazo zikipeperuka ukutani.

"Simwoni."

"Basi kapita," mumewe alisema. Lakini brashi iliendelea kutembea, na macho yake yaliendelea kwenda kule kibarazani na kurudi kwenye turubai, kwenda na kurudi, kama macho ya mtu anayemtazama mtu.

Picha ilipokwisha aliugua. Ilikuwa homa ambayo madaktari waliipima wakaishia kukuna vichwa. Alipokuwa hawezi tena kuinuka aliomba kitanda chake kigeuzwe aione picha. Mteja naye alikuwa ameshahama mji bila kuja kuichukua. Baada ya mazishi Fremu alitaka kuiuza, Mama akakataa. "Ndiyo jasho la mwisho la mwanangu," alisema. "Iache hapo, inanitosha kujua ipo."

Kwa muda mrefu ilikuwa picha tu. Mambo yalianza baada ya Kioo.

Kioo alikuwa muuza vioo aliyeleta shehena dukani kila wiki, mwanamume mpole, vidole vyote makovu, mcheshi kwa sauti ya chini. Alianza kwa kuchelewa kuondoka. Kisha akaanza kufika siku ambazo hakukuwa na kioo cha kuleta. Kisha, siku moja, katikati ya mazungumzo ya misumari, akasema anataka kumwoa.

"Mama anajua?" Kioo aliuliza.

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Nikipata mdomo wa kusemea," Fremu alinong'ona, akitupa jicho kwenye pazia.

Wakawa wanaongea hivyo, kwa minong'ono, kati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani. Fremu hakuwa na nia ya kumtelekeza mama mkwe wake hata kidogo. Tangu siku ile ile alimwambia Kioo kwamba atakayemchukua yeye anawachukua wote wawili, na Kioo akajibu kwamba nyumba yake ina chumba chenye jua la asubuhi. Kilichomfunga ulimi kilikuwa kingine: angemwambiaje mama amwache mwanawe ukutani na kitandani na kwenye harufu ya kuta zile, akaishi kwa mwanamume mwingine? Akawa anaahirisha. Leo Mama kaamka na mafua. Kesho Mama kaamka na furaha, nani aiharibu?

Na kweli Mama alikuwa na furaha. Hilo ndilo Fremu alilolitambua kwanza baada ya rangi ya kwenye komeo. Mzee aliyekuwa akishinda kimya alianza kuimba. Alasiri, Fremu akiwa dukani na msumeno, alisikia sauti yake sebuleni, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia, inanyamaza kidogo, inacheka, inaendelea. Mwanzoni alidhani ni redio. Siku moja akaingia ghafla kuchukua gundi. Mama alikuwa kochini peke yake, na mezani vikombe vitatu vya chai, cha kwake, cha Fremu, na cha tatu kimenywewa nusu. Kwenye mdomo wa kikombe kile kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya tofali.

"Kuna mgeni, Mama?"

"Mgeni gani, mwanangu?" Mama alisema, akageuza uso dirishani. "Kaa unywe chai yako, inapoa."

Harufu ya mafuta ya kitani ilikuwa nzito humo ndani, na chini yake harufu nyingine, ya vumbi la barabarani tone la kwanza la mvua linapolipiga. Nje jua lilikuwa kali.

Fremu alijiambia ni uzee. Wazee huongea na marehemu wao. Alijiambia hivyo hadi asubuhi ile Kioo alipomletea kioo kikubwa cha kabati, akakiegemeza ukutani na kuondoka, na yeye akachukua kitambaa akaanza kukifuta vumbi. Alianzia juu, akashuka, akiona uso wake mwenyewe ukitokeza safi chini ya kitambaa, kisha shingo yake, kisha bega lake, na nyuma ya bega lake, karibu kiasi kwamba angepiga hatua moja nyuma angemgonga, alimwona mwanamke aliyesimama amempa mgongo, nywele zake zimefungwa kitambaa, gauni lake la rangi ya tofali likidondosha tone, na tone lingine, sakafuni, na mwanamke yule hakuwa akisogea, ila mabega yake yalipanda na kushuka polepole kama ya mtu aliyetembea mwendo mrefu sana na sasa amefika na anapumua. Fremu aligeuka. Duka lilikuwa tupu, pazia limetulia. Sakafuni kulikuwa na matone mawili mekundu, na yalipomganda kwenye soli yalitoa mlio mdogo, kama mtu anayefungua midomo.

Siku hiyo alifunga duka mapema, akamkuta Mama amesukwa.

Zilikuwa nywele zilizosukwa vizuri mno, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Vidole vya Mama vilikuwa vimekakamaa tangu zamani. Hata kifungo cha blauzi Fremu ndiye aliyemfungia. Alisogea akamwinamia. Katika kila njia kati ya mistari ya nywele, ngozi ya kichwa ilikuwa imepakwa wekundu.

"Nani kakusuka, Mama?"

Mama alitabasamu, macho yake yakitazama pembeni kidogo ya pale aliposimama Fremu.

"Mwenzio," alisema.

Fremu alizunguka mbele yake. Akapunga mkono mbele ya macho ya mama mkwe wake. Macho yale yalikuwa na ukungu tangu zamani lakini mwanga yaliuona. Sasa hayakupepesa. "Mama, unaniona?"

"Mbona wapiga kelele? Giza limeingia mapema leo, basi."

Ilikuwa saa tisa alasiri na dirisha lilikuwa wazi.

Alimlaza Mama chumbani, akarudi sebuleni, akapanda juu ya kochi kuishusha picha. Aliifahamu ile picha kwa uzito, kwani ndiye aliyeivisha fremu. Iliinuka kwa mkono mmoja. Siku hiyo ilimshinda. Aliikumbatia, akaivuta, ikamlalia kifuani kama mtu anayebebwa, akaiburuta hadi dukani, akailaza kifudifudi kwenye meza ya kazi ili aichomoe misumari. Hapo ndipo alipoona upande wa nyuma. Kwa kazi yake alikuwa ameona migongo ya picha zaidi kuliko nyuso zake, na alijua turubai ya nyuma inavyopaswa kuwa: kavu, ya kijivu, na pengine doa dogo ambapo mafuta yamepenya. Hii ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu kama shavu la mtu mwenye homa, na mahali pale ambapo upande wa pili palisimama mwanamke aliyegeuka, rangi ilikuwa imepenya na kutanda, imevuka kimo cha kidole, imevuka kiganja, na kadiri alivyoitazama ilijipanga, hapa paji, hapa mfereji wa pua, hapa kidevu, hapa midomo iliyobana kama ya mtu anayezuia kicheko, kwa sababu aliyechorwa mgongo upande ule, upande huu ndiko uso wake ulikokuwa, na uso ule ulikuwa umekamilika wote isipokuwa macho, ambayo yalikuwa bado yamefumbwa, na kope za jicho moja zilikuwa zimeanza kuachana.

Alitupa gunia juu yake, akatoka mbio.

Jirani mshona viatu ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Taratibu. Alikuwa mganga, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, aliyepata jina hilo kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Alifika kesho yake mchana na kifuko cha ubani, akilalamikia ngazi za mlangoni.

"Taratibu, jamani, taratibu. Majini hayana haraka, wenye haraka ni nyie." Akafunua gunia kidogo, akachungulia, akalirudisha upesi kuliko umri wake. Mzaha ukamtoka. "Nani mwingine ameuona uso huu?"

"Mimi tu."

"Usiutazame tena. Yakifunguka macho hayo, huyu hatakuwa mtu wa kutolewa."

Aliketi sebuleni uso kwa uso na Mama, akafukiza ubani, akashika mikono yake na kusoma kwa sauti ya chini. Fremu alisimama karibu na pazia. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha kichwa cha Mama kikaangukia kifuani, mabega yakaanza kupanda na kushuka polepole, na ikatoka sauti ya msichana, laini, yenye adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bi Taratibu alisema. "Jina lako?"

"Wakamwana hatuna majina. Tunaitwa mke wa fulani."

"Mke wa nani?"

"Wa mchoraji."

Fremu alisogea hatua moja kutoka kwenye pazia.

"Alikuolea wapi?"

"Alinitazama," sauti ilisema. "Siku nzima, siku baada ya siku, unywele kwa unywele, mkunjo kwa mkunjo. Huyu hapa," na kidole cha Mama kilichokakamaa kilinyooka kumwelekea Fremu ingawa macho yalikuwa yamefumbwa, "huyu alitazamwa hivyo lini?"

"Mume kafa. Unangoja nini?"

"Namlea mama mkwe wangu. Namsuka. Namsikiliza. Huyu anaolewa na mwenye vioo, mwache aende, simchukii. Nikishafungua macho nitamtunza Mama vizuri zaidi."

"Macho utayapata wapi?"

"Amenipa yake. Anasema hayamfai tena."

Bi Taratibu alivuta pumzi. Ubani ulikuwa umezimika, na hakuna aliyeuzima. "Nani alikufungulia mlango?"

Sauti ikacheka, kicheko kidogo cha aibu, cha bibi harusi.

"Nilisimama kibarazani mpaka nikakaribishwa. Sisi si wezi."

Mwili wa Mama ukalegea. Alipoinua kichwa alikuwa yeye mwenyewe, analia.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, mwanangu. Nilikusikia na yule kijana wa vioo mkinong'ona habari za ndoa. Pazia ni kitambaa tu, na masikio yangu hayajazeeka. Nilikaa hapa kochini nikaona nimekwisha. Nikamwambia yule wa ukutani, mzaha tu, mzaha wa mtu mwenye uchungu: wangu ndiye anayeondoka, basi wewe geuka, uje ukae na mimi. Karibu ndani. Nikasikia mlango."

"Mama!" Fremu alipiga magoti mbele yake. "Nani amekwambia naondoka? Nilimwambia Kioo siku ya kwanza, simwachi Mama. Kuna chumba chako, kina jua la asubuhi. Kila mara ananiuliza nitakwambia lini."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa kuacha nyumba ya mwanao."

"Mimi nilifikiri unangoja nife."

Walishikana, wakalia kwa sauti, kilio walichokuwa hawajakilia tangu mazishi. Bi Taratibu aliwaacha. Kisha akasema, safari hii bila mzaha, "Aliyemkaribisha ndiye wa kumuaga. Na useme kwa moyo. Ukisema kwa mdomo tu atajua."

Mama alisimama. Akapapasa ukuta, akapita pazia, akapita duka, hadi mlango wa barabarani, akafungua komeo na kuusukuma mlango wazi. Mwanga wa mchana ukaingia hadi miguuni pake.

"Wewe uliyenisuka," alisema kwa upole. "Ulinifaa, sitakusema vibaya. Nilikuita kwa sababu ya hofu, na hofu imekwisha. Rudisha nilichokupa. Nenda."

Kutoka mezani, chini ya gunia, kitu kikashuka sakafuni. Wakasikia nyayo zisizo na viatu, nyayo zilizolowa, zikija polepole kwenye saruji. Zikampita Bi Taratibu aliyefumba macho na kusoma, zikampita Fremu na pindo la nguo isiyoonekana likamgusa muundi, baridi, na zilipofika kwa Mama zikasimama kwa muda mrefu kiasi kwamba Fremu alidhani hazitaondoka kamwe. Kisha zikavuka kizingiti. Mama alipepesa macho. "Jua kali lililoje," alisema.

Picha iliteketezwa uani siku ile ile, turubai, mbao na fremu, na wote watatu waliitazama hadi ikawa majivu.

"Nyumba hii ametoka," Bi Taratibu alisema akivaa viatu. "Lakini nilitaka arudi alikotoka, naye amebaki njiani. Hana pa kwenda tena. Huyo mchumba wako umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kila kitu. Mimi husema taratibu, ila kwa hili harakisha."

Fremu alikusudia kumwambia. Lakini Kioo alikuja kesho yake amenyoa ndevu, Mama akampa idhini yake, naye akamshukuru kwa kumbusu mikono, akapiga mzaha kwamba sasa ana mke na mama mkwe kwa nauli ya mmoja, na Mama akacheka hadi akakohoa. Mwanamume gani angeoa kutoka nyumba yenye jini? Baada ya harusi, Fremu aliwaza. Tukishatulia. Yameshapita.

Walioana bila makuu na kuhamia kwa Kioo siku ya mvua. Mizigo ilikuwa michache: masanduku, mashine ya kukatia mbao, kiti cha Mama. Kioo alihangaika mlangoni akipokea vitu, nguo zimemganda mwilini, huku Fremu akimpeleka Mama chumbani kwake, akamwonyesha dirisha, akamkalisha. Jioni wakawa mezani watatu, chakula kinatoa mvuke, mvua inapiga bati. Mama alikuwa akisimulia jinsi marehemu alivyowahi kupaka paka rangi ya buluu akiwa mtoto. Fremu alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Kioo alitazama mlangoni, akatazama meza.

"Na yule mwenzenu hali chakula?"

"Nani?" Fremu aliuliza, bado anacheka.

"Yule dada mliyekuja naye. Nilimkuta kasimama barazani analoa, katazama barabara, sijui alikuwa anaona haya. Nikamwambia karibu ndani, dada, hapa ni kwenu. Nikainama kuchukua sanduku, nilipoinuka alikuwa ameshaingia." Aliwatazama mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika. "Si ndugu yenu?"

Kabla ya yeyote kumjibu walisikia, nyuma ya mlango wa chumba chenye jua la asubuhi, kiti kikivutwa.

Fremu alisimama, hajui anasimama afanye nini. Wangelala kwa nani, wangekimbilia wapi, katika mvua ile? Mkono wa Mama ulimkalisha chini.

"Kaa na mumeo," Mama alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Huyo ni mgeni wangu mimi."

"Mama, usiende."

"Zamani nilimwita kwa kuogopa kubaki peke yangu. Leo siogopi, naye hilo analijua. Mwambie mumeo, mwambie yote, usimfiche tena kitu."

Aliingia, akafunga mlango. Walimsikia akiongea, kwa utulivu, kama mtu anayepatana bei na jirani yake, na sauti nyingine laini ikimjibu. Waliongea hadi mvua ikakatika. Fremu alimweleza Kioo kila kitu pale mezani, na Kioo alimsikiliza akimshika mkono, asiuachie.

Mama alitoka alfajiri, amechoka, mzima.

"Tumeelewana. Hatavuka kizingiti cha chumba changu. Na mimi nimemwahidi sitamwacha peke yake. Macho nimemnyima. Basi, nani ananipa chai?"

Walimwita Bi Taratibu. Alisimama nje ya mlango ule, akasikiliza, akatikisa kichwa. Aliyemkaribisha safari hii alikuwa mwenye nyumba, alisema, na alimwambia hapa ni kwao. Aliyeambiwa yuko kwao haagwi tena, na neno hilo yeye Bi Taratibu hana dawa yake.

Miaka imepita. Fremu na Kioo wana binti, na binti amefundishwa kwamba bibi huja kwake, yeye haendi kwa bibi. Duka linaenda vizuri. Mama hutoka mchana, hula nao, hutania, hurudi chumbani jua likishuka, na wakipita karibu na mlango husikia watu wawili wakipiga soga, wakati mwingine wakicheka. Nywele za Mama husukwa kila wiki. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Ila Mama sasa ni mzee sana. Hutembea kwa kushikwa, na siku nyingine hatoki kabisa. Na sauti zile mbili, kwa kuishi pamoja, zimefanana. Ya msichana imekwaruza, ya mzee imelainika, na hata Kioo hazitofautishi tena. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Fremu hugonga mlango ule na kuita, "Mama, umeamkaje?" Kisha husimama pale, kiganja kikiwa kimegusa ubao, akisikiliza ni nani atakayeitikia.